Mbuzi wa Vielelezo

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kamanda ameniita. Alhamisi nitazungumza na waandishi wa habari. Mimi mwenyewe! Nikifaulu, nitakuwa msemaji wa kudumu wa polisi. Nikiharibu, nitahamishiwa Gulwe, huko porini. Tatizo ni dogo: mbuzi kumi na wawili tuliowakamata kwa wezi kule Zuzu, vielelezo vya kesi, sasa ni tisa. Watatu wamekata kamba. Sajenti Frida, anayekitamani cheo hicho, ameshauri tuseme ukweli na tuwatafute. Nimecheka mpaka kofia ikaanguka.

Jumanne, 5 Machi
Nimeagiza maswali yaletwe mapema kwa maandishi, nakala tatu. Magazeti haya mapya ya watu binafsi hayana adabu. Angelina, wa gazeti moja la wiki, ameleta swali moja tu: mbuzi wako wangapi? Kwanza aliniamkia shikamoo kwa heshima kubwa. Heshima ya namna hiyo hunitia homa.

Jumatano, 6 Machi
Ufumbuzi! Nimeazima mbuzi watatu kwa Marko, fundi wa kuchomelea wa Kizota. Aliuliza wa nini. Nikamjibu kuwa ni siri ya serikali. Akasema basi siri hiyo irudi kabla ya Pasaka. Jumla: kumi na wawili. Nitalala fofofo.

Alhamisi, 7 Machi
Nilitangaza kwamba vielelezo vyote kumi na viwili vipo, nikawaalika waandishi uani wahesabu. Walihesabu. Kumi na watano! Frida alikuwa amewapata wale watatu alfajiri, katika shamba la uwele. Hakuniambia, anadai nilikataza kusumbuliwa nikijizoeza kutabasamu. Angelina aliuliza, “Afande, hawa watatu wa ziada wametoka wapi?” Nikajibu bila kusita: wamezaliwa hapa, chini ya ulinzi. Akauliza kama ni kawaida mbuzi kuzaliwa na ndevu. Nikasema suala hilo liko mahakamani. Hapo Marko akapita nje akipiga mluzi. Vielelezo vitatu vikamfuata hadi barabarani.

Ijumaa, 8 Machi
Frida ndiye msemaji. Mimi, Gulwe. Nimelitafakari kosa langu kwa makini. Nilipaswa kuazima majike.

Jumatatu, 18 Machi
Gulwe. Kituo kidogo, vielelezo viwili tu: baiskeli. Leo imebaki moja, na kesho mwandishi anakuja kwa treni. Mwinjilisti Ebenezer amekubali kuniazima yake. Iliyopotea ni nyeusi. Hii ni nyekundu, tena ina kikapu. Nikiulizwa kuhusu rangi, nitasema imepauka kwa jua. Nikiulizwa kuhusu kikapu, nitasema uchunguzi unaendelea.