Vumbi la Serikali

Wananchi wote wa Singida, wa mjini na wa vijijini, wenye redio na wasio na redio, wanatangaziwa kwamba Sekondari ya Unyandaga, iliyoko pembeni kidogo ya mji, upande wa mawe makubwa, imekuwa shule ya kwanza katika taifa letu changa kufundisha Mapokezi kama somo kamili. Kamati ya Kudumu ya Mapokezi, ambayo mimi Lazaro Mughwai ndiye Katibu wake, inachukua nafasi hii kujipongeza. Tulikuwa tunasubiri wengine watupongeze, wakachelewa.

Kabla Kamati haijaingia kazini, shule ilikuwa inapotea. Wanafunzi walisoma asubuhi, wakalima shamba la uwele mchana, na jioni wakacheza mpira kwa ajili ya kucheza mpira tu. Kiongozi akija, kila mtoto alipiga makofi kwa wakati wake mwenyewe. Niliwahi kukaa jukwaani nikisikiliza makofi ya namna ile, nikaona aibu mpaka shingoni. Nchi haiwezi kujengwa hivyo.

Tukarekebisha masomo. Fizikia ikashughulikia mwendo wa Landrova peke yake, maana vitu vingine vinavyokwenda havina umuhimu wa kitaifa. Mwalimu Gaspari wa jiografia, ambaye kwa miaka mingi aliwachosha watoto kwa milima ya Ulaya, alikabidhiwa vumbi. Kila asubuhi alipanda na darasa lake juu ya jiwe kubwa nyuma ya bweni, wakaitazama barabara. Vumbi la ng'ombe, alifundisha, ni pana na halina haraka. Vumbi la lori huja, likasimama, likaja tena, kwa sababu lori la kwetu haliendi mbali bila kusukumwa. Vumbi la Serikali ni jembamba, limenyooka, na halimpishi mtu. Baada ya muhula mmoja Mwalimu Gaspari aliweza kulithibitisha vumbi la Serikali kabla gari lenyewe halijaonekana, na akipuliza filimbi, ngoma zinaanza.

Michezo nayo ikapata mwelekeo. Riadha ikawa mbio za kusindikiza gari. Wasichana wa netiboli wakahamishiwa kwenye vigelegele, ambako mapafu yao yalihitajika zaidi. Timu ya mpira ilifungwa mabao mengi na vijana wa Manyoni, hilo silikatai, lakini baada ya kila bao wachezaji wetu walijipanga mistari miwili na kumpigia makofi aliyefunga. Refa alisema hajawahi kuona kitu kama kile. Na somo la kilimo likamlea jogoo.

Kuhusu jogoo nieleze kidogo. Huku kwetu mgeni wa heshima hutengewa firigisi. Ukishampa mtu firigisi umeshasema yeye ni nani, na hakuna mjadala. Mwaka uliotangulia viongozi wawili walitufikia siku moja, firigisi ilikuwa moja, na maneno waliyorushiana mezani siwezi kuyarudia mbele ya wananchi. Kamati ikapitisha azimio: Mgeni Rasmi ni mmoja tu kwa siku, naye ni yule aliyekula firigisi. Agizo lake litatekelezwa papo hapo. Nililiandika azimio hilo kwa mkono wangu, na mpaka leo sioni kasoro katika Kiswahili chake.

Basi mwezi wa Novemba 1973 tukaletewa habari kwamba Ndugu Mazengo, Mkurugenzi wa Hamasa wa Kanda nzima, atatutembelea. Nilishikwa na furaha, na chini ya furaha nilishikwa na woga. Katibu mmoja mwenzangu alichelewesha ngoma mbele ya Ndugu Mazengo, na sasa anahesabu ngozi za mbuzi huko Itigi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Chrispin, akanifuata ofisini.

"Ndugu Katibu, siku hiyo kidato cha nne wana mtihani wa taifa wa hesabu. Saa tatu asubuhi."

"Mwalimu, mtihani unakuja kila mwaka. Mkurugenzi anakuja anapojisikia."

"Kwa hawa watoto hauji tena. Asiyeufanya siku hiyo hana cheti. Anarudi kwao."

"Kwao si kuna mashamba?" nikamwuliza. "Au wewe unapinga kilimo?"

Mwalimu Chrispin hakuwa anapinga kilimo. Akaondoka.

Kesho yake akaja mwanafunzi mwenyewe, binti mmoja wa kidato cha nne aitwaye Damari, mtoto wa mzee Alute wa Kinyangiri. Alikuwa wa kwanza katika hesabu, kitu ambacho sikumlaumu kwacho. Alisimama mlangoni, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba. Sema."

"Naomba kidato cha nne tusipangwe mstarini."

"Ninyi ndio warefu. Mkitoka, mstari unabaki na mapengo kama mdomo wa bibi."

"Kidato cha kwanza wanaweza kusimama juu ya mawe, wakalingana na sisi."

"Serikali haipokelewi na watu waliosimama juu ya mawe."

"Ndugu Katibu, baba amesema nisipochaguliwa kidato cha tano nirudi nyumbani, niolewe. Kuna mzee mwenye plau ya ng'ombe, ameshaanza kutuletea asali ya posa."

"Asali ya Kinyangiri ni nzuri," nikamwambia.

Damari akasema neno moja la Kinyiramba ambalo Kamati haikulitafsiri. Nikaona ana uchungu, na mimi si jiwe. Nikamtuliza kwa heshima kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo: nikamteua awe msomaji wa risala mbele ya Mgeni Rasmi. Alinitazama kwa muda, akasema ahsante. Nilifikiri amefurahi.

Siku ikafika. Tangu alfajiri shule nzima ilikuwa barabarani, mistari miwili, kila mmoja na tawi lake mkononi. Akina mama wa kijiji cha jirani walikuja na ngoma. Upepo ulivuma kama kawaida yake, ukiwajaza watu mchanga machoni, na hakuna aliyejifuta, maana tulishalifanyia hilo mazoezi. Jikoni Mama Anastazia, mpishi wetu, alikuwa ameshamchinja jogoo. Katika mstari, kidato cha nne walikuwa wameshika matawi mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Nikawaamuru wafiche kalamu.

Mara filimbi ikalia juu ya jiwe.

"Ni lenyewe," akapaza sauti Mwalimu Gaspari. "Jembamba. Limenyooka. Limewapita ng'ombe bila kupunguza."

Ngoma zikaanza. Landrova ikatokea, na ndani yake askari mwenye bunduki, jambo lililoondoa shaka yote. Ikasimama. Akashuka mama mmoja wa makamo, mfupi, miwani imejaa vumbi, anaonekana amesafiri usiku kucha. Kwamba Mkurugenzi ni mwanamke sikuwa nimeambiwa, lakini mimi ni mtu wa maendeleo, sikushtuka. Nikamvika shada la maua ya alizeti.

"Ndugu yangu, mimi si mgeni," akasema. "Nimekuja kikazi. Nionyesheni darasa."

Unyenyekevu wa namna hiyo kwa kiongozi unatia machozi. Nilimwambia wananchi hawawezi kukubali aingie darasani kabla ya kupata chochote. Akina mama wakapiga vigelegele, netiboli wakadaka, na yule mama akasukumwa kwa heshima mpaka mezani. Mama Anastazia akaleta sahani. Mgeni akaitazama firigisi, akaitazama saa yake, akamtazama askari wake.

"Tangu Manyoni sijatia kitu mdomoni," akasema. Akaila. Akaomba chumvi, akaendelea na paja.

Damari akaitwa asome risala. Aliniambia baadaye, na Kamati imelithibitisha hilo, kwamba wakati sisi tunavisha maua yeye alikuwa anachungulia ndani ya Landrova, na alichokiona kwenye kiti cha nyuma ni bahasha kubwa zilizofungwa kwa nta ya lakiri. Risala niliyomwandalia ilikuwa ndefu. Ilianza na uhuru, ikapita kwenye hali ya hewa, ikaja kwenye sifa za Mkurugenzi, na mwisho maombi: bati, kisima, na jezi. Damari aliikunja.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," akasema. "Tunalo ombi moja. Sisi kidato cha nne tunaomba tuingie kwenye mtihani."

Mgeni akaweka mfupa chini.

"Kwani mlikuwa hamwingii?"

"Tumepangwa mstarini, mama."

Akanigeukia. "Ndugu, hapa Mgeni Rasmi akitoa agizo, inakuwaje?"

"Linatekelezwa papo hapo," nikajibu kwa fahari. "Ni azimio la Kamati."

"Vizuri. Mimi naitwa Rahabu, ni msimamizi wa mtihani wa taifa. Ombi limekubaliwa. Watahiniwa ingieni darasani. Nyie wengine, sitaki kusikia hata mtu anapenga kamasi mpaka saa sita."

Mimi nimehudhuria risala nyingi. Nimesikia maombi yakipokelewa, yakichukuliwa, yakizingatiwa na yakiahidiwa kufikishwa ngazi za juu. Ombi kukubaliwa hapo hapo, mbele ya watu, sikuwahi kuliona. Mwalimu Chrispin akanisogelea, akaninong'oneza kwa upole, "Firigisi imeshaliwa, Ndugu Katibu." Damari na wenzake walikuwa wameshatupa matawi na wanakimbia, mbio zile zile za kusindikiza gari, wakielekea darasani.

Ndugu Mazengo alifika karibu na saa tano. Alichelewa kwa sababu katika kila kijiji alikopita palikuwa na mapokezi, ambayo niliyaagiza mimi mwenyewe ili asafiri kwa raha. Landrova yake ilikuja na vumbi zuri, lakini Mwalimu Gaspari hakupuliza filimbi. Askari wa mtihani alishamnyang'anya.

Mkurugenzi akashuka, mwili mkubwa, suti ya kaunda, fimbo mkononi, na maofisa wake nyuma. Hakuna ngoma. Hakuna wimbo. Watu mistari miwili wanamtazama bila kutoa sauti, na katikati ya mistari mapengo makubwa ambako kidato cha nne walikuwa.

"Nini hiki?" akanguruma. "Kuna msiba?"

Askari akaja mbio na kidole mdomoni. "Shh. Mtihani wa taifa. Tafadhali mzee, usipite hapo. Na gari lizimwe."

"Unanijua mimi nani?"

"Sikujui, mzee. Lakini ukipita hapo, kanuni zinaniruhusu kukukamata."

Nilijitokeza, nikamweleza Ndugu Mazengo kwa kunong'ona kwamba kwa mujibu wa azimio Mgeni Rasmi wa leo ameshapatikana, na ni mmoja tu. Alinitazama kwa namna ambayo nilianza kusikia harufu ya ngozi za mbuzi. Akaulizia chakula. Mama Anastazia akaitwa, akaja akifuta mikono kwenye kanga.

"Imebaki shingo na miguu, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Nikuletee?"

Kurudi garini hakuweza. Jua lilikuwa kali, na ndani ya Landrova iliyozimwa palishageuka tanuri. Kusonga mbele askari alikataa. Mti wa kivuli hakuna, Kamati ilishakata matawi yote kwa ajili ya mapokezi. Mahali pekee ambapo mtu angeweza kusimama bila kuonekana mpumbavu ni mstarini, ambako wengine wote walikuwa wamesimama. Kwa hiyo, mmoja mmoja, maofisa wakajipenyeza kwenye mapengo. Mwisho Ndugu Mazengo naye akasogea, akasimama kati ya mama mwenye ngoma na mtoto wa kidato cha kwanza. Yule mama, kwa huruma, akampa tawi ajikinge jua. Akalishika.

Tulisimama. Upepo ulitupiga mchanga. Sijawahi kumwona mkurugenzi yeyote akinyamaza muda mrefu hivyo, na lazima niseme alipendeza.

Saa sita mlango wa darasa ukafunguliwa. Watahiniwa wakatoka, vidole vina wino, wengine wanacheka, mmoja analia kwa sababu ya pembetatu. Bibi Rahabu akatokea nyuma yao na bahasha zake, akamtikisia kichwa yule askari, kwamba sasa ruksa. Akina mama walikuwa wamebana vigelegele tangu asubuhi. Hawakumwuliza mtu. Waliviachia vyote kwa mkupuo, na ngoma zikaingia, na kidato cha nne, kwa kuwa njia ya kwenda bwenini ilikuwa ni hiyo hiyo, wakapita katikati ya mistari miwili.

"Tunampokea nani?" Ndugu Mazengo akamwuliza mama wa ngoma.

"Watoto wetu, baba. Wametoka kwenye mtihani. Piga makofi."

Mtu aliyepigiwa makofi maisha yake yote nadhani mikono yake ilikuwa haijui kukataa ngoma. Akalibana tawi kwapani, akapiga. Maofisa wakapiga, kwa kuwa yeye amepiga. Damari alipofika mbele yake akasimama, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mzee. Tunashukuru kwa kutupokea."

Ndugu Mazengo akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta hotuba.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na akaendelea kupiga makofi mpaka wa mwisho wao alipopita.