Wajukuu Wanakuja, Mti Hauna Tufaha

Jumatatu, 30 Machi

Binti yangu Yasna amepiga simu. Watoto wanakuja Pasaka! Amparo, miaka tisa. Gaspar, sita. Kuanzia Alhamisi. Nimeruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye rafu ya sufuria.

Kisha habari ya pili. Anayewaleta ni Anselmo, babu yao wa upande wa baba, na atakaa hapa hadi waondoke. Tena Yasna anasema likizo ya Julai watoto watachagua wenyewe waende kwa babu yupi. Mwaka jana walikwenda kwa Anselmo, mjini Temuco, ghorofa ya saba. Mwaka juzi vilevile.

Safari hii hapana! Miaka arobaini kwenye kiwanda cha mbao, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Sitashindwa na mtu anayekwenda nyumbani kwa lifti.

Nimeandika ratiba nikaibandika mlangoni. Matembezi matatu, yote kwa miguu. Ijumaa: kuchuma matufaha kwenye mti wetu. Jumamosi: kuokota uyoga kwenye misonobari. Jumapili: kuokota kastanya, zile kokwa za kuchoma, nyuma ya kanisa. Majani yanapukutika, hewa safi, babu mwenye hekima mbele. Watasahau hata kwamba Temuco ipo.

Mke wangu Uberlinda ameisoma akiwa na mwiko mkononi. Akauliza mti una matufaha mangapi mwaka huu, maana baridi ya Oktoba iliua maua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nimekwenda kuangalia. Saba. Sita yana funza. La saba lina nyigu, tena mkali.

Jumatano, 1 Aprili

Ufumbuzi! Nimenunua matufaha arobaini sokoni. Nimeyafunga mtini, moja moja, kwa uzi wa kuvulia samaki. Hauonekani kabisa. Saa nne nzima juu ya ngazi. Shingo imekakamaa, natazama kushoto tu.

Kasoro ndogo: nusu ni mekundu, nusu ya kijani. Nitasema mti umepandikizwa. Kila tufaha lilikuwa na kijikaratasi cha sokoni. Nimevibandua vyote.

Uberlinda kafungua dirisha akaniuliza kama Krismasi imewahi mwaka huu. Nisingeweza hata kumgeukia.

Alhamisi, 2 Aprili

Wamefika. Gaspar amemkumbatia kwanza mbwa wa jirani, kisha Uberlinda, kisha mimi. Nafasi ya tatu. Si mbaya kwa kuanzia.

Anselmo ameshuka garini na viatu vya kupandia milima. Vipya, vinalia kama bata. Amekuja na kitabu cha majani ya miti! Kabla hajanywa hata chai ameokota jani uani akawatajia watoto jina la mti, kwa Kihispania, kwa Kimapuche cha wenyeji wa huku, na kwa lugha ya tatu ambayo nadhani ni Kilatini. Amparo ameandika kwenye daftari.

Nami nikaokota jani. Nikasema hili ni jani la kawaida. Hakuna aliyeandika.

Ijumaa, 3 Aprili

Fedheha.

Asubuhi kila kitu kilikwenda sawa. Watoto walipoona mti walipiga kelele za shangwe. Anselmo akafungua kitabu chake kwenye ukurasa wa matufaha, akakifunga. Moyo wangu ukaimba.

Kisha Gaspar akashika tufaha akalivuta. Halikutoka. Akavuta kwa mikono miwili. Akaning'inia. Tawi likavunjika, mjukuu akakaa chini puu, tufaha bado limeshikilia tawi.

Amparo akaja na macho yake ya hakimu. "Babu, mbona tufaha limefungwa fundo?"

Nikasema ni kwa sababu ya upepo. Huku kwetu tunayafunga.

"Yote?"

Yote, nikasema. Upepo ni mkali.

Hapo Anselmo akasogeza moja kwenye miwani yake. "Mkwe," akasema taratibu, "hili lina kijikaratasi cha sokoni. Au ndiyo cheti chake cha kuzaliwa?"

Uberlinda alicheka mpaka akaenda kuegemea ukuta. Watoto nao. Nilitamani ardhi inimeze, miguu kwanza.

Gaspar akauliza kama tunaweza kufunga na ndizi. Mchana wote wakawa mtini na uzi uliobaki. Wamefunga kijiko, soksi ya Anselmo, sambusa ya kome iliyobaki mezani, na kofia yangu. Walicheka hadi giza. Ilibidi kuwaburuta waingie ndani.

Siku nzima imepotea! Hawakujifunza lolote kuhusu matufaha.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nilijipanga. Jana nilinunua ndoo ya uyoga kwa mama anayeuza kando ya barabara. Alfajiri, watu wamelala, nikaenda kuuchomeka msituni. Uyoga uliokatwa hausimami wenyewe, kwa hiyo kila mmoja nikautia kijiti cha kuchokonolea meno. Kazi safi. Hata mimi ningedanganyika.

Saa nne tukatoka wote isipokuwa Uberlinda. Nikawapeleka moja kwa moja mahali penyewe, nikajifanya nanusa hewa. Nikasema: pua ya babu yenu inaniambia hapa kuna kitu.

Kulikuwa na kitu. Mama mmoja mnene, mumewe, na kikapu kilichojaa uyoga wangu.

"Njoni muone maajabu ya Mungu!" akaita. "Mwaka huu umeota na vijiti vya meno kabisa!"

Anselmo aliniangalia. Nikaangalia kushoto.

Yule mama akawapa watoto vipande vitatu vya uyoga. Uyoga wangu! Na nikalazimika kusema asante.

Ningerudi nyumbani hapo, lakini Anselmo akaanza kuwaeleza watoto juu ya magome. Hasira zikanipanda. Nikatangaza kwamba najua njia ya mkato ya siri, kupita mahali ambapo hakuna mtu wa mjini aliyewahi kufika. Nusu saa baadaye hata mimi nilikuwa sijawahi kufika. Misonobari kila upande, yote sura moja. Kisha mvua. Si manyunyu, ndoo. Anselmo akateleza, kiatu kimoja kikabaki matopeni, naye akasonga mbele na soksi.

Tukaona kibanda cha zamani cha kuhifadhia nyasi kavu. Tukakimbilia ndani. Paa linavuja mahali pasipopungua kumi. Gaspar akawa anakinga matone kwa mdomo. Amparo akapanga chini mikebe aliyoikuta humo, kila tone likawa na sauti yake, wakaanza kuimba kuyafuata.

Anselmo alikaa juu ya gogo, anatetemeka, soksi inachuruzika. Alionekana mdogo. Nikangoja anilaumu.

"Mkwe," akasema, "nikwambie kitu? Haya majina ya miti nimeyakariri wiki tatu. Mimi nimeuza vigae vya bafu maisha yangu yote. Nikipewa jani bila kitabu, kwangu ni jani tu."

Nikamuuliza sasa kwa nini ajitese hivyo.

Akafikicha goti. "Julai iliyopita walikaa dirishani kwangu siku kumi, wanatazama magari yakiegeshwa. Gaspar akaniuliza, 'Babu, kwako nje iko wapi?' Nikanunua kitabu."

Ilikuwa nafasi yangu ya kumkanyaga. Badala yake nikakuta nimekata mkate wangu nikampa nusu. Nusu kubwa. Na soksi zangu za akiba. Sijui nilipatwa na nini. Labda baridi.

Alipomaliza kuvaa akaniambia kwamba kile kijiti cha meno kilikuwa wazo zuri. Nikamwambia mawazo yangu mengine yote yalikuwa mabaya, ila la vijiti halikuwemo. Tukacheka kama wavulana.

Mlango ukafunguliwa. Uberlinda, na mwavuli.

"Mzee, mnafanya nini humu?"

Nikamwambia ukweli: tumepotea.

"Mmepotea? Hiki si kibanda cha don Eleuterio, jirani yetu? Paa lake naliona nikiosha vyombo. Nimesikia nyimbo nusu saa nzima, nikadhani ni walokole."

Nyumba yetu iko hatua themanini. Nimezihesabu tukirudi, nikiwa na mtoto mgongoni.

Jumapili, 5 Aprili

Kristo amefufuka, sisi tumeshindwa. Wote tuna mafua. Kastanya nyuma ya kanisa zimeokotwa na wengine. Uberlinda alikuwa na mfuko wake mwenyewe, akazichoma juu ya jiko la kuni, akakaanga na sopaipila, maandazi yetu ya boga. Tulikaa jikoni miguu kwenye maji ya moto, Anselmo na mimi tukigombea beseni moja. Ratiba bado iko mlangoni. Sikuweza kuitazama.

Wakati wa kuondoka Amparo akafungua daftari, akasimama kama anasoma hukumu. Julai wanakuja hapa. Hapa! Ila kwa sharti: babu Anselmo aje pia, kwa sababu ndiye anayeanguka vizuri.

Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa ni kipi walichokipenda zaidi. Nilidhani atasema hewa safi.

"Mvua ya kibandani," akasema Gaspar, na kamasi mpaka kwenye kidevu. "Babu, lile paa linalopiga muziki!"

Anselmo akanishika mkono kwa muda mrefu. Gari lilipokata kona nikagundua nina jani mfukoni. Aliliweka yeye. Sijui ni la mti gani. Naye hajui. Nimeliweka ndani ya Biblia ya Uberlinda.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimelala vibaya, nikifikiri. Sasa naona kosa langu lilikuwa wapi. Nilihangaika na matufaha na uyoga, kumbe wanataka mvua! Basi Julai watapata mvua. Siwezi kuiachia bahati.

Asubuhi nimekwenda kwa mkuu wa zimamoto wa kijiji. Nimemwomba gari la maji na mpira mrefu, siku mbili, saa nne hadi saa saba. Amecheka sana. Hajasema hapana.

Uberlinda akaniambia nitumie akili. "Mzee, Julai? Hapa? Mwezi mzima hatuoni jua, chupi zinakaukia juu ya jiko. Mvua unakwenda kuiazima ya nini?"

Ndivyo wanavyosema watu wasiopanga mambo yao. Na mwaka huu ikigoma?

Mchana nikapita kibandani kukagua. Janga! Don Eleuterio yuko juu, anaziba paa. Nimengoja hadi akaenda kula. Nimeyazibua matundu yote kwa msumari mnene, na kuongeza manne upande wa mashariki, kwa ajili ya sauti nzito.