Moyo Wangu na Fimbo ya Mwanzi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Niko nyumbani, Amagoro. Niko hai, kwa kadiri ninavyoweza kujua. Daktari kule Eldoret alipitisha waya kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni, akazibua mshipa ulioziba, akaacha humo kibomba cha chuma chenye matundu. Sikisikii kabisa. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kitu kikikaa kimya ndani ya mtu, kinapanga nini?

Asio, mke wangu, ndiye mtunza dawa. Kila asubuhi natakiwa kumeza kidonge cha kuzuia damu isigande. Truphena, nesi wa zahanati, alieleza mbele yetu sote wawili: nikiruka dawa, kibomba kinaweza kuziba, na hapo sitafika Eldoret mara ya pili. Pombe nisahau. Akaongeza kwamba yeye huhudhuria matanga ya kila mtu ila ya wajeuri.

Leo nimenyoa ndevu. Nikajikata. Damu ilitoka tangu mwanzo wa taarifa ya habari hadi matangazo ya vifo! Dawa hii inafanya kazi kupita kiasi.

Jumanne, 10 Juni

Odeke, mnywaji mwenzangu, kaja kunijulia hali. Kaleta ndizi mbivu na habari mbaya. Wakwe wa jirani yetu Ikapel kutoka Tororo wanakuja mwezi ujao kuzungumza mahari ya binti yake. Msemaji wa upande wetu atachaguliwa Jumamosi, wazee wakiwa kwenye chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi inayonyonywa kwa mirija.

Kuchaguliwa? Msemaji ni mimi! Mrija wangu ndio mfupi kuliko yote pale kwa Ikapel, kwa sababu kiti changu ndicho kilicho karibu zaidi na chungu. Odeke hukaa mlangoni. Mrija wake unafaa kuvulia samaki.

Sasa anasema kwa upole eti mzee Josiah apumzike. Eti wakwe wakitaja ng'ombe wawili moyo wangu utagoma, na mahari yageuke matanga. Nikamwuliza ni nani anayekalia kiti changu siku hizi. Akasema ni yeye, lakini anakipasha joto tu. Akala ndizi tatu kati ya zile alizoleta, akaondoka.

Uamuzi: Jumamosi wanione nikinywa. Mtu anayenywa hawezi kuitwa mgonjwa. Truphena alisema dawa na pombe haviendi pamoja. Sawa. Dawa itasubiri.

Jumatano, 11 Juni

Kidonge cha leo nimekiweka chini ya ulimi, nikanywa maji, nikatabasamu. Asio akatabasamu pia. Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi.

Pa kukificha napo pamepatikana: ndani ya mwanzi ninamohifadhi mrija wangu. Mwanzi wenyewe nimeuzungushia bendeji na sasa ni fimbo ya mgonjwa. Dawa imo, mrija umo, na Jumamosi naondoka navyo machoni pa mke wangu bila swali!

Swali likawepo. Asio akaniuliza, Baba Okedi, si ulichomwa mkono? Mbona unachechemea? Nikamweleza kwamba mishipa yote imeunganika.

Nilitembea hadi barabarani kujaribu fimbo. Mwendesha boda boda akazima injini aliponiona, akanisalimia kwa kunong'ona. Kumbe Odeke anatangaza kwamba nimewekewa betri, na kelele zinaimaliza chaji. Mama muuza nyanya akazima simu yake. Nilirudi nyumbani mapigo yakienda mbio. Nimeyahesabu mara nyingi. Kila mara jibu tofauti.

Ijumaa, 13 Juni

Siku mbaya. Nilikuwa nyuma ya ghala nikiwafanyia kuku mazoezi ya hotuba. Nilipofika kwenye madai ya ng'ombe wa mama mkwe, kifua kikabana. Kikabana kweli. Nikakaa chini kwenye maganda ya mahindi. Nikafikiri: kibomba kimeziba, na mtu wa mwisho kunisikia ni jogoo.

Nikataka kumwita Asio. Lakini angeuliza kuhusu dawa. Nikaikimbilia fimbo nimeze vidonge vyote vilivyomo. Mrija haukutoka! Umekwama, na vidonge viko chini yake. Nilivuta mpaka jasho likanitoka, huku nikijua kuvuta hivyo ndiko kunakoua watu.

Baadaye nikacheua. Yalikuwa maharagwe ya mchana, nadhani. Kifua kikalegea. Nimelala ubavu wa kulia tangu saa hiyo, nikisikiliza. Kesho asubuhi nitameza kidonge. Nimeapa.

Jumamosi, 14 Juni

Sikumeza. Leo ni siku ya chungu.

Kwa Ikapel niliingia kwa kishindo. Wazee wakasimama. Odeke akahamia mlangoni bila kuambiwa. Niliketi, nikaitoa bendeji, nikazibua mwanzi mbele ya wote. Vicheko! Vigelegele! Mrija ukakataa kutoka. Nikavuta. Nikatikisa. Nikaugeuza mwanzi juu ya chungu na kuupiga kofi kitakoni.

Mrija ukachomoka. Vidonge vikaufuata, vyote, ndani ya pombe ya watu.

Mirija mingine ikatoka kwenye chungu kwa mpigo mmoja. Isipokuwa wa Odeke. Yeye alikuwa amefumba macho, ananyonya kwa hasira. Alipoyafumbua akauliza mbona tumesimama. Akaambiwa. Akashika kifua, akalia kwamba damu yake inayeyuka, aitiwe nesi, aitiwe mchungaji, aitiwe yeyote mwenye gari.

Ikapel akaniuliza ni nini kile. Nikasema chumvi.

Kumbe Asio alikuwa jikoni pale pale, anawasaidia akina mama kupika. Akatoka na mwiko. Akachungulia chungu, akanitazama. Akasema hakulala kwenye benchi la chuma Eldoret ili mimi nije kufia kwenye chungu cha jirani. Akasema nimemlia kuku wawili kama mgonjwa na kumdanganya kama mzima. Akamgeukia Odeke, akamwambia aache kulia, hakuna betri ndani ya mtu yeyote hapa, na akili pia hazipo. Odeke akaomba msamaha kwa makosa ambayo hakuna aliyeyataja.

Kisha Asio akashusha sauti. Akasema yeye hajui kulala peke yake, na hana mpango wa kujifunza.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ikapel akamwaga chungu kizima chini, kwa uchungu mkubwa. Akatangaza kwamba msemaji amepatikana. Ni Mama Okedi. Watu wa Tororo wataongeza ng'ombe ili tu anyamaze.

Jumapili, 15 Juni

Truphena kanipima, akanipeleka hospitali nikapimwa tena kwa mashine. Moyo unakwenda sawa. Amesema nina bahati nisiyostahili. Sasa nameza kidonge nikiwa nimekaa mlangoni, kisha nafungua mdomo na Asio anamulika kwa tochi ya simu, juu na chini ya ulimi. Majirani wanatazama. Mwanzi wangu umepikia uji leo asubuhi.

Nimeahidi. Nimeahidi kwa dhati kabisa.

Ila siku ya wakwe Asio atakuwa sebuleni kwa Ikapel akidai ng'ombe. Chungu kitakuwa nyuma ya nyumba. Mrija wangu haukuchomwa. Na bomba la pazia la chumbani liko wazi ndani. Nimeliteremsha, nikalipima. Mrija unaingia na kutoka bila kukwama! Nitasema ni la mazoezi ya bega. Odeke amekubali kunibebea, kwa sharti kwamba apate kiti cha pili kutoka kwenye chungu.

Moyo unapiga haraka kidogo. Ni furaha, nadhani.

Pazia nimelitundika kwa kamba. Asio amelitazama mara mbili. Bado hajauliza.