Elifazi Alisema Vizuri

Jumapili, 31 Oktoba 1999

Nimeteuliwa! Mwalimu Firmin, anayetufundisha Biblia sisi vijana wa kanisa letu hapa Kadutu, ametangaza kwamba Jumapili ijayo wawili wetu watafundisha mbele ya kanisa zima, kila mmoja kitabu kimoja. Atakayefundisha vizuri zaidi atapewa Biblia mpya. Jalada la ngozi, ramani za rangi, marejeo pembeni. Imetoka Nairobi. Niliigusa. Inanukia duka.

Wawili hao ni mimi na Agathe.

Kwa nini Agathe, sijui. Agathe anasoma kwa kidole, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Lakini afadhali yeye kuliko Placide, rais wa vijana. Placide hufumba macho, hufungua Biblia popote, hushusha kidole, na hapo ndipo Bwana amesema. Juzi kidole kiliangukia majina ya makabila kwenye kitabu cha Hesabu. Akapaza sauti "Amina!" na machozi yakamtoka. Kwa majina! Mwalimu Firmin anatuambia kila mara: mstari usomwe ndani ya sura, sura ndani ya kitabu, kitabu ndani ya Biblia nzima. Naona ni mimi peke yangu ninayemsikiliza.

Biblia ile lazima iwe yangu. Ya kwetu ina shimo. Ni ya Papa. Aliiacha alipokwenda kazini Kinshasa, kabla vita havijaikata nchi vipande, na tangu hapo hatuna habari zake. Zamani alinisomea humo kila jioni. Tulipokimbia vita vya kwanza, Maman aliibeba Biblia kichwani. Tonton Isidore, mdogo wake Maman, alibeba tumbaku. Njiani karatasi za kusokotea zikamwishia. Akavuta mwisho wa Yobu. Alipofika Zaburi ya tisa akasoma kabla ya kuwasha, akaokoka. Sasa ni protokole wa kanisa: anavaa kitambaa mkononi, anaonyesha watu viti, na kila Pasaka anatoa ushuhuda huo huo. Watu wanashangilia. Hakuna anayeuliza kurasa zilikuwa za nani.

Jumanne, 2 Novemba

Upelelezi. Nilimkuta Agathe bombani, nikajitolea kumbebea bidoni ya maji. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, atafundisha kitabu gani. Mwenye akili angeficha. Agathe akajibu palepale: Yobu. Ameshakisoma chote kwa sauti, sasa anarudia, kwa sababu mara ya kwanza hakuelewa, katika wale wote wanaobishana, ni nani mwenye haki. Hakuelewa! Na anakiri!

Nikaacha bidoni yake katikati ya mteremko na kukimbia kwa Mwalimu Firmin. Nikamwambia Yobu ni yangu. Akasema ni kitabu kirefu chenye wasemaji wengi, na msomaji lazima afike mwisho ndipo ajue asimame na nani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akaandika jina langu.

Jioni Agathe akapita kwetu, amejibebea bidoni mwenyewe. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akasema tu: "Haiko neno, Larissa. Miye nitashika Ruthu. Kama uko na swali juu ya Yobu, uniulize."

Nimuulize yeye! Dharau ya wazi kabisa.

Alhamisi, 4 Novemba

Kazi inaendelea vizuri. Muhtasari: Yobu alikuwa tajiri, akapoteza mali, watoto na afya. Rafiki zake watatu wakaja kumfariji. Wakaongea. Yobu akajibu. Wakaongea tena. Kusema kweli Yobu ananichosha. Analalamika, anadai kesi mbele ya Mungu, hana adabu. Lakini Elifazi! Elifazi ni mtu mzima, ndiye anayeanza kati ya wale watatu, na lugha yake ni safi. Anasema asiye na kosa haangamii, na anayelima ubaya huvuna ubaya. Maneno ya wazi. Mafupi. Yanafaa kwa mahubiri.

Mbele kidogo Biblia yetu inakatika. Palipokuwa na mwisho wa Yobu pana nyuzi za jalada, kisha Zaburi ya tisa.

Tonton Isidore aliniona nimeshika zile nyuzi. Akaniletea Biblia yake mwenyewe, kwa mikono miwili, bila kunitazama. Nikamwambia asante, sihitaji. Siwezi kupokea Yobu kutoka kwa mtu aliyemvuta. Kwa Agathe siendi. Nikimwendea Mwalimu Firmin atajua nimechukua kitabu nisicho nacho.

Isitoshe, mwisho nimeshaukadiria. Elifazi ameongea vizuri kiasi kile. Ni lazima Mungu amuunge mkono, Yobu atubu, wote waende nyumbani. Mtu aliyefundishwa kusoma hahitaji kila ukurasa.

Kilichobaki ni mfano hai. Ninaye. Maman Mapendo, aliyekimbia kijiji cha Mumosho baada ya nyumba yake kuchomwa, analala na watoto wake katika chumba cha nyuma ya kanisa. Sitamtaja. Nitamtazama tu.

Ijumaa, 5 Novemba

Mafundisho bila Amina ni kama kusoma tangazo ukutani. Nimepatana na Placide. Nikifuta uso kwa leso, atapaza "Amina!" kwa nguvu, na kanisa litafuata. Kwa malipo nimekubali kumsifia lile somo lake la Hesabu. Nimemsifia. Ilikuwa vigumu.

Nilitaka kufanya mazoezi mbele ya Maman. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akasikiliza kidogo, akauliza kama huyo Elifazi alikuja na chakula au alikuja na mdomo tu. Nikamwambia hilo si swali la kitheolojia. Akaniambia nimpishe.

Jumamosi, 6 Novemba

Risasi mchana, upande wa Bagira. Maman akafunga dirisha na kuendelea na maharage. Kwaya imeahirisha mazoezi. Watu wanasema labda kesho hakutakuwa na ibada.

Nimepiga magoti. Nimeomba vita vingoje hadi Jumatatu.

Jumapili, 7 Novemba

Vita vimengoja. Afadhali visingengoja.

Agathe alianza. Hana ishara za mikono, hana sauti. Alisimulia Ruthu tangu njaa ya Bethlehemu mpaka mtoto anapowekwa kifuani kwa Naomi, kisha akaonyesha kwamba katika ukoo wa mtoto huyo atakuja Daudi, na mbele zaidi Yesu. Ni hayo tu. Akina mama walilia. Hawa akina mama hulia hata kwa matangazo.

Kisha mimi. Kanisa limejaa, joto kama jikoni. Nikamsimamisha Elifazi. Nikasema anayeteswa achunguze maisha yake, kwa maana Mungu haondoi paa la mtu bure. Nikamtazama Maman Mapendo. Akainamisha kichwa. Nikajua ni toba! Jasho likanishuka machoni. Nikajifuta.

"Amina!" Placide.

Kanisa halikufuata. Maman yangu akasimama. Katika kanisa letu hakuna anayesimama kumkatiza mhubiri, hata Pasta mwenyewe hathubutu. Maman akasimama na kitenge chake kipya, akasema:

"Miye naomba mutoto anifasirie. Waasikari walipobeba mashine yangu ya kushona, ilikuwa ni ya zambi gani? Na papa yake kukwama kule Kinshasa, ni zambi ya nani? Yangu, ao yake yeye?"

Jasho tena. Nikajifuta.

"Amina!"

Kicheko kikaanzia kwenye kwaya. Mwalimu Firmin akainuka na kunyamazisha watu. Akaniambia kwa upole, na upole huo sitamsamehe, nisome sura ya mwisho, pale Mungu anapoongea na Elifazi mwenyewe. Nikafunua. Zaburi. Nikarudisha. Nyuzi. Nikafunua tena, polepole, kama kurasa zingeota. Mlangoni Tonton Isidore alikuwa anakagua dari.

Agathe akaja mbele na Biblia yake, ameshaifungua mahali penyewe. Akaniwekea mkononi, akarudi kukaa. Basi nikasoma. Kwa mdomo wangu, kwa matamshi bora kabisa, nikalisomea kanisa la Kadutu kwamba Mungu alimkasirikia Elifazi na wenzake wawili, kwa sababu hawakusema kweli juu yake kama alivyosema Yobu. Yule mlalamikaji! Asiye na adabu!

Safari hii sikuwa najifuta jasho. Nilikuwa nalia. Placide hakujua tofauti.

"Amina!"

Na safari hii kanisa zima likafuata.

Agathe amepewa Biblia ya ramani. Ile ya zamani ameniachia mimi, yote nzima, hadi nitakapopata nyingine. Kwenye Warumi ina doa la mawese.

Jumatatu, 8 Novemba

Maman ameamua. Baada ya shule nimpelekee Maman Mapendo maharage na nimwombe msamaha, na nisirudi na maharage.

Nilimkuta anachana nywele za binti yake mdogo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Akanikatiza, akasema nikae, miguu yangu itachoka. Akasema alifurahi sana jana pale Mungu alipomgombeza yule mzee. "Kumbe na Mungu anawachoka watu wa vile." Akacheka mpaka mtoto akageuka kumtazama. Kisha akauliza kama Biblia nimekuja nayo, nimsomee tena, kwa sababu kusoma hajui na jana Placide alipiga kelele.

Nikasoma. Nikaenda mbele kidogo kuliko jana. Na hapo nikakuta jambo ambalo Mwalimu Firmin hakulitaja! Yobu alipowaombea rafiki zake, Mungu alimrudishia mali yake mara mbili. Mara mbili! Nikafunga Biblia palepale ili nisilisahau.

Maman Mapendo akauliza: "Na watoto wake wale wa kwanza? Nao walirudi?"

Sikuwa nimefika huko. Nikamwambia hilo haliko kwenye somo. Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kuchana. Ni kweli kwamba mmoja wa watoto wake hawakumpata walipokimbia, kwa hiyo naelewa kwa nini aliuliza, lakini akili yangu ilikuwa kwenye hesabu.

Maana ni wazi sasa. Nani alidhihakiwa mbele ya watu? Mimi. Nani alipoteza, akalia, na hata mama yake mzazi akasimama kumpinga? Mimi. Basi Yobu ni mimi, na Agathe, mzungumzaji wa kwanza, ni Elifazi. Mstari umesomwa ndani ya sura, sura ndani ya kitabu. Kitabu nitakimalizia siku nyingine. Niliporudi nyumbani nilimwombea Agathe. Ombi fupi, lakini nilimtaja kwa jina.

Tonton Isidore amenikuta napanguza vumbi kwenye rafu ya Papa. Akauliza natayarisha nini. Nikamwambia nafasi ya Biblia mbili zenye ramani. Nikamwonya pia asivute sigara karibu. Akasema aliacha zamani. Nikamwambia tutaona.

Mwalimu Firmin anatafuta mtu wa kufundisha Ufunuo mwezi ujao. Nimeshampelekea jina langu. Sura za kwanza ni nzuri sana. Za mwisho nimeshazikadiria.