Mkono Ufike Sikioni

Jumatatu, 5 Januari
Nimedhalilishwa! Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ninayemwita Manukato kwa jinsi anavyowanyunyizia wateja, ameweka kiti kibarazani. Juu ya kiti, mwanawe wa miaka saba anawasomea wateja gazeti. Wateja wangu watatu wamevuka barabara na nywele zao.

Na mimi nina binti. Chiriku, miaka minne na nusu, mdomo haupoi. Kasoro yake ni moja tu: hajaanza shule. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Anaanza!

Mke wangu amesema mtoto aachwe acheze mpaka afike sita, haraka haraka haina baraka. Nimemjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Amesema tumbo linaloumia ni langu, la mtoto halina neno.

Jumanne, 6 Januari
Nimepeleleza. Mwalimu mkuu, mama wa miwani, haamini karatasi za umri wanazoleta wazazi. Ana kipimo cha zamani: mtoto apitishe mkono juu ya utosi, ashike sikio la upande wa pili. Asiyefika arudi nyumbani akakue.

Nimempima Chiriku. Vimebaki vidole vitatu. Vitatu tu! Na zile nywele peke yake ni vidole viwili. Mungu hakunipa ukinyozi bure.

Jumatano, 7 Januari
Nimemnyoa Chiriku kipara. Mke wangu alikuwa sokoni. Amerudi. Siandiki zaidi leo.

Alhamisi, 8 Januari
Nimelala kwenye kochi. Bado kidole kimoja. Nimemning'iniza Chiriku kwenye fremu ya mlango ili mkono urefuke. Amedhani ni bembea, ameomba tena mara kumi na moja. Mkono uliorefuka ni wangu.

Ijumaa, 9 Januari
Ushindi! Chiriku ameinamisha kichwa kidogo, kama nilivyomfundisha, na kidole cha kati kimegusa ncha ya sikio. Mwalimu mkuu amekitazama kile kipara, kisha akaniuliza kama mtoto alikuwa na chawa. Nimesema ndiyo. Ukoo mzima nimeupa chawa kwa ajili ya elimu!

Amepokelewa. Nimepita mbele ya Manukato mara nne, bila shughuli yoyote upande ule.

Jumatatu, 12 Januari
Chiriku ameanza kulia getini. Kumbe shule ina sharti: mtoto anayelia, mzazi akae naye darasani mpaka azoee. Nimekaa kwenye dawati, magoti kidevuni. Duka limefungwa. Kufika saa nne Chiriku amelala mapajani pangu. Mimi nimejibu maswali matano, yote sahihi. Mwalimu wa darasa ameniomba niwaachie na wengine.

Jumatano, 14 Januari
Siku ya tatu darasani. Chiriku amenikojolea. Si hilo lililoniuma. Tangu juzi hajasema neno, yeye ambaye husimulia hata akiwa amelala. Leo ameninong'oneza kuuliza alifanya kosa gani hata nikamleta huku. Machozi yamenilengalenga, mbele ya watoto arobaini.

Mwalimu mkuu ameniita. Amesema mkono umefika, lakini mtoto hajafika. Nimrudishe akiwa na miaka sita, na nije bila wembe. Njia nzima Chiriku ameongea bila kumeza mate. Nimefurahi, nakiri.

Jumamosi, 17 Januari
Chiriku amekaa kibarazani kwangu, anawahadithia wateja jinsi baba alivyonyoosha mkono darasani na jinsi alivyokojolewa. Wanacheka mpaka nashindwa kuwanyoa sawasawa. Wawili wametoka kwa Manukato kuja kusikiliza.

Mke wangu ameuliza kama sasa nimeona kwamba kila mtoto ana wakati wake. Nimesema nimeona. Na kweli nimeona! Mapema ni kosa. Basi dawa ni kuchelewa. Mtoto akianza darasa la kwanza na miaka kumi, nani atamshinda? Atakuwa wa kwanza kila mtihani, na mwana wa Manukato atafute pa kuficha uso.

Kuna kikwazo kimoja. Akifika sita mkono utafika sikioni, na shule itamdai. Kwa hiyo kuanzia leo ni marufuku mtu kugusa nywele za Chiriku. Ziachwe zikue. Ziende juu, juu kabisa.