Taa ya Kanopi Siku ya Ntheo

Jamaa wa darasa, leo nimevuliwa nguo na mbuzi. (Nguo ninazo. Heshima ndiyo imebaki kule mlimani.) Niko hapa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, mjini Machakos, nawaandikia kwa mkono wangu kabla hamjasikia kwa watu, maana watu hutia chumvi na kisa hiki tayari kimekolea.

Mnajua nina pikapu. Ile kuukuu ya kijani, yenye kanopi nyuma, kile kibanda cha kufunika mizigo. Aliyeniuzia alikuwa ameifungia honi ya lori, eti kwa sababu ya zile kona za milimani, na mimi sikuitoa. Kusema kweli nilikuwa naipenda. Ikumbukeni hiyo honi.

Mnajua pia nina Mwende. Leo ndiyo ilikuwa siku ya ntheo. Kwa wenzangu ambao si wa huku: hao ni mbuzi watatu tunaowapeleka kwa wazazi wa msichana. Bila mbuzi hao, hata ukae naye miaka ishirini, kwetu huyo si mke, ni mgeni aliyekawia kuondoka. Mbuzi wakipokelewa, basi, umeoa. Wakikataliwa, unarudi nao nyumbani na kila mtu njiani anawaona.

Sasa, babake Mwende ni fundi. Alitengeneza magari miaka thelathini kabla ya kustaafu, na Mwende alikuwa ameniambia kwamba kila kijana akitajwa pale nyumbani, mzee huuliza jambo moja tu: "Anajua kutumia mikono?" Mimi ni karani. Mikono yangu inajua kalamu na muhuri. Wiki nzima sikulala vizuri.

Ndipo nikapata wazo. (Hapa ndipo mngenishika shati.) Nitaweka taa ndani ya kanopi! Tena si taa ya kungoja ufunguo. Taa yenye moto wa kudumu: gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni, unabonyeza swichi, inawaka. Mzee ataiona, atauliza ni nani aliyeiweka, nami nitajibu kwa unyenyekevu, "Ni mimi tu, mzee."

Fundi mmoja wa umeme wa magari pale karibu na stendi alinieleza bila hata kuombwa. "Wewe vuta waya nene kutoka kwa betri, weka fyuzi hapo hapo karibu, halafu uipitishe chini ya gari uifunge vizuri. Ama uniletee nikufanyie." Nikamcheka kimoyomoyo. Nijilaze kwenye vumbi mimi, na shati jeupe? Mimi nilikuwa na testa, ile kalamu ya kupimia umeme.

Jana jioni nikafungua plastiki ya chini ya usukani, nikazima gari, nikaanza kudunga waya moja baada ya nyingine. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tano, testa ikawaka! Gari limezimwa na waya ina moto! Nikapiga kelele mpaka jirani akauliza kama nimeumwa na nyuki. Nikaunga waya yangu hapo, nikaizungushia tepu nyeusi, nikaipitisha kwenye tundu la nyuma ya kiti, nikaining'iniza kando kando ya kanopi hadi kwenye swichi na balbu. Nikabonyeza. Ikawaka. Hafifu, kama koroboi inayoishiwa na mafuta, lakini ikawaka. Mwenye akili angejiuliza mbona hafifu. Mimi nilijiambia ni afadhali hivyo, haitamaliza betri.

Asubuhi tukaondoka, mimi na baba yangu mdogo Kimeu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, na mbuzi watatu nyuma. Wawili walikuwa wapole. Wa tatu, beberu mwekundu mwenye ndevu, aliniangalia tangu alipopandishwa kama mwalimu wa zamu. Sikumpenda, na nadhani alijua.

Kwao Mwende ni huko juu Kathiani, mahali ambapo kiangazi kikikaza maji huja kwa lori. Hilo nililijua. Mwende amenisimulia mara nyingi: lori halina siku wala saa. Dereva husimama juu ya kilima, akailalia honi, na watu wote wakatoka mbio na mitungi. Anayechelewa hurudi na mtungi mtupu. Nilisikia, nikawahurumia, nikasahau.

Tukafika. Mzee mwenyewe akatoka kutulaki, koti jeusi, kofia mkononi. Tukasalimiana kwa adabu zote. Halafu mimi, badala ya kutulia kama watu wengine, nikasema, "Mzee, kabla hatujaingia, hebu ona hii." Nikachomoa ufunguo, nikauinua auone vizuri, nikautia mfukoni, nikabonyeza swichi. Ilikuwa saa tano na jua linawaka! Ilibidi mzee aingize kichwa ndani ya kanopi na kujikinga kwa kofia ndipo aone kwamba kuna kitu kinajaribu kumulika.

"Ni nani aliweka hii?"

"Ni mimi tu, mzee." (Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo.)

"Moto umetoa wapi?"

"Kwa betri, mzee."

"Na fyuzi iko wapi?"

"Iko... iko ndani ndani huko."

"Mhm," akasema mzee, akaingia ndani ya nyumba mbele yetu. Hiyo mhm ilikuwa ndefu, nami nikaihesabu kuwa sifa.

Nikauliza kama tuwashushe mbuzi. Baba mdogo akanikata jicho. "Mbuzi hawashuki kabla hatujaulizwa tumekuja na nini. Kwani umewaleta sokoni?" Basi wakabaki kwenye kanopi, na waya yangu ikining'inia mbele ya midomo yao. Mbuzi, mnyama anayekula hata kamba ya kuanikia nguo, na nguo zenyewe zikiwa juu yake.

Kuna jambo moja zaidi mnalopaswa kujua, nalo ni nthoni. Ni ile heshima iliyochanganyika na haya kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamtazamani ovyo. Mama hukaa jikoni, wewe sebuleni, na mkikutana njiani mmoja hukwepa. Mamake Mwende sikuwa nimewahi kumwona, wala yeye hakuwa amewahi kuniona. Baba mdogo alinionya njia nzima: "Ukikosea yote, usikosee hapo."

Tukaketi. Tukaomba. Chai ikaletwa. Baba mdogo akanena kwa mafumbo mpaka chai ikapoa, na mwishowe mzee akauliza, "Na huyu kijana, kazi yake ni gani?"

"Ni karani," akajibu baba mdogo, "lakini usimwone hivyo. Huyu ako na mikono! Hiyo umeme ya gari amefanya yeye mwenyewe, hakuna fundi ameguza..."

PAAAAAAAAA!

Kikombe kilinitoka mkononi. Mzee akanitazama. "Hiyo si gari yako inalia?"

"Ni watoto wanachezea, mzee." Nikatoka mbio.

Hakukuwa na mtoto. Hakukuwa na mtu yeyote. Nikafungua mlango, nikaupiga usukani ngumi, nikauvuta, nikaubembeleza. PAAAAAAA! Nikasema, zima gari, mjinga wewe, chomoa ufunguo! Nikapapasa, ufunguo haupo. Ulikuwa mfukoni mwangu. Moto wa kudumu, jamani! Niliutafuta mwenyewe, nikaupata.

Nilipoinua macho nikaona mtungi wa manjano ukishuka kwa kasi kwenye kijia cha juu. Chini ya mtungi alikuwa susu mmoja, nyanya wa umri wa kutembelea mkongojo, lakini mkongojo ulikuwa kwapani na miguu haigusi ardhi. Nyuma yake wawili. Nyuma yao ishirini. "Kiw'u! Kiw'u!" wakiitana kutoka boma hadi boma, maji, maji, maana honi ya lori ni honi ya lori.

Nikasimama katikati ya njia nikipunga mikono. "Hakuna maji! Hii si lori! Rudini!" Honi ikameza kila neno. Wao waliona mtu mwenye tai anapunga mikono, wakaelewa kwamba ninawapanga foleni. Wakajipanga. Foleni safi, hata ofisini kwetu sijawahi kuiona.

Susu hana subira na foleni. Akaenda moja kwa moja nyuma, akafungua mlango wa kanopi atafute bomba. Mbuzi wawili wakampita kando, wakashika njia ya bondeni. Nikasimama pale nikiitazama ndoa yangu ikiteremka mlima kwa miguu minane.

Niwafukuze mbuzi au niizime honi? Nikachagua honi. Nikajitosa chini ya usukani, kichwa ndani, miguu nje, makalio yakiwatazama wakwe, nikaanza kuvuta kila waya niliyoiona. Tepu ikaniganda kwenye nyusi.

Ndipo nikahisi mtungi ukitua kando ya kiatu changu, na mkono ukinigonga mguuni. Sauti ya mama, ikipambana na honi:

"Dereva! Nijazie hii yangu kwanza, tafadhali! Niko na wageni wa ntheo hapo ndani, na maji imeniishia!"

Nikatoa kichwa.

Tukatazamana. Aliiangalia tai yangu. Akaangalia tepu kwenye nyusi. Kutoka mlango wa jikoni nikasikia Mwende akimpigia mamake kelele, "Mwaitu! Mwaitu, huyo ndiye!" Mama akaachilia yowe lililoishinda honi, akajifunika uso kwa leso, akakimbia akijikwaa, mtungi akauacha pale pale. Nami nikarudisha kichwa chini ya usukani, na safari hii si kwa ajili ya waya. Niliomba ardhi ipasuke, na kama mjuavyo, ardhi haijawahi kumsaidia mtu.

Mzee akaja. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akafungua boneti, akatia mkono ndani ya koti lake jeusi, akatoa spana namba kumi. Alikuwa nayo mfukoni! Tangu ile mhm, mzee alikaa sebuleni akiomba na kunywa chai, spana iko kifuani, anangoja tu. Akalegeza kichwa cha betri.

Kimya. Mlima mzima ukiwa umesimama na mitungi, ukinitazama.

Akaifuata waya yangu kwa kidole hadi nyuma. Beberu mwekundu hakuwa ameondoka. Alikuwa bado anatafuna plastiki ya waya, taratibu, na pale alipoimenya shaba ilikuwa imelalia chuma cha bodi.

"Hii ni waya ya honi," akasema mzee, watu wote wakisikia. "Moto yake inapitia kwa honi kwanza, ndio sababu taa yako ilikuwa inalala. Na ikiguza bodi, ni kama mtu amefinya usukani." Akampapasa beberu kichwani. "Huyu ndiye alikuwa amefinya."

"Mimi tangu mwanzo nilimshuku huyo fundi wake wa mjini," akasema baba mdogo. (Msemaji wa ukoo huyo!)

Watu wa foleni, Mungu awabariki, waliweka mitungi chini wakawafuata mbuzi wangu hadi bondeni, wakawaleta wamebebwa mabegani. Tukarudi sebuleni. Nilikuwa nimeshapanga nitawafunga vipi mbuzi kwa safari ya kurudi nao.

"Kijana," mzee akaanza, "ni nani alikuambia natafuta fundi?"

"Mwende alisema... alisema unauliza kama mtu anajua kutumia mikono."

"Ndiyo. Kuandika! Fundi wa nini na mimi niko hapa? Mwaka wa pili sasa tunaandikia watu wa maji watuletee bomba, na kila barua inarudi, mara haina hiki, mara haina kile. Niliposikia msichana amepata karani nikasema, huyu sasa ndiye." Akatikisa kichwa. "Na wewe unaniletea waya."

Mbuzi wamepokelewa, wote watatu. Beberu mwekundu amechinjwa kwanza. Nimemla kwa hasira, na nyama ilikuwa tamu. Kwa hiyo nimeoa, jamani! Ila orodha ya mahari imeongezwa: barua ya bomba, na lori moja la maji kwa wale wote walioshuka na mitungi bure. Mama naye, akiwa jikoni, amemtuma Mwende kwangu na salamu. Anashukuru kwa mbuzi, na anauliza dereva atarudi lini, maana mtungi wake bado uko pale pale.

Barua nimeshaichapa hapa saiba kabla ya hii. Haina kosa hata moja. Mpishi na apike, mimi ni karani.

Harusi ni Desemba na nyote mmealikwa. Anayetaka kucheka sasa acheke, akimaliza afute machozi. Ila msafara ukianza kupanda kile kilima cha Kathiani, nawasihi kwa jina la urafiki wetu, mwenye gari lolote asipige honi.