Kifungu cha Kopo Moja

Jumatatu, 2 Februari 2026
Nimeingia Kamati ya Viwango vya Majiko! Wamesema watengenezaji lazima tukae mezani, maana jiko twalijua sisi. Hatimaye wameona. Jiko litakalopata nembo ndilo litakalouzwa, na Ramadhani inabisha hodi. Asiye na nembo afunge karakana. Yangu ya Darajani haifungwi na mtu!

Kifungu nimekiandika mwenyewe: jiko liivishe kilo ya mchele kwa kopo moja tu la mkaa. Langu la bati laweza. Nimelipima kwa kuchemsha maji, yakatokota vizuri sana. La mshindani wangu, Bi Kidawa wa Mtoni, la udongo, linakula makopo mawili. Kwaheri, Bi Kidawa! Mikoko inayokatwa kwa mkaa itanishukuru.

Jumatano, 4 Februari
Kifungu kimepita. Mwenyekiti, Bwana Junaid, kasema nina uchungu na mazingira. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, ila si sana. Bi Kidawa kalalamika kwamba kifungu kimeshonwa kwa kipimo changu. Nimemjibu, kwa heshima zote, mcheza kwao hutunzwa.

Khairat, mke wangu, kauliza kama nshawahi kupika wali kwa kopo moja. Nimemwambia mimi mtaalamu, si mpishi. Kacheka mpaka kakaa chini. Sijui kilichomchekesha.

Jumamosi, 7 Februari
Nasikia Bi Kidawa hauzi wala halali. Anafinyanga majiko na kuyavunja, anayanenepesha kuta, anayapunguza mdomo. Ahangaike tu! Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi.

Jumanne, 10 Februari
Majaribio. Ya Rabi!

Mchele wangu umechemka wa kwanza. Nikasimama, nikawapungia mkono watu. Mpishi wa kamati akaniomba makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Makaa? Jikoni mna jivu tupu! Na Unguja hii wali hauitwi wali mpaka upaliwe. Wangu una kiini. Bwana Junaid kautema kwenye leso, kwa adabu.

Jiko la Bi Kidawa, kwa kopo lilelile, limebakisha makaa ya kupalia na mengine ya kuchemshia chai. Nembo kapewa yeye. Mimi nirudi baada ya Idi. Nimeumia, wallahi. Nikafuta macho, nikasingizia moshi.

Jumatano, 11 Februari
Nimetafakari. Jiko lile bora kalizaa nani? Kifungu changu! Bila mimi jiko la Bi Kidawa lingekuwa bado linakula makopo mawili. Nimemweleza Khairat. Kasema niende basi nikapokee hongera, na nikirudi nipitie mkate.

Bi Kidawa mwenyewe kaleta salamu: anataka fundi wa maganda ya bati ya kuvisha majiko yake, kazi ni yangu nikitaka. Nimekubali, baada ya kununa kidogo. Karakana haifungwi!

Na kamati nshaiandikia kifungu kipya, fundi mwingine asininyang'anye kazi hii: kila ganda liwe la bati mbili, na ukingo ukunjwe kwa mashine. Atakayeshindwa asiuze. Mashine hiyo sina. Kisiwa kizima anayo fundi mmoja tu, mtoto wa dada yake Bi Kidawa. Si neno. Ataniazima.